Alama Moja

Chumba namba mia tatu na kumi na mbili, Toyama,
mwezi wa pili. Theluji imefika kingo za dirisha
na jiko la mafuta ya taa linakoroma pembeni
kama mtu aliyeshiba.
Wanafunzi kumi na saba wa Kirusi, mwaka wa mwisho,
dakika kumi na mbili kila mmoja,
na mbele yangu karatasi ya safu nne:
matamshi, msamiati, sarufi, ufasaha.

Kulia kwangu ameketi Zinaida Arkadyevna, mwenye lugha yake,
aliyeinyonya pamoja na maziwa.
Anachovya biskuti kwenye chai, anasikiliza macho yamefumbwa.
Mimi ni mpangaji tu humo, miaka thelathini sasa.
Najua kila mlango unafungukia wapi,
na bado hubisha hodi.

Tsurumaki alitiririsha hotuba nzima ya mazingira
bila kukwaruza hata irabu.
Nikamuuliza jana usiku alikula nini.
Akanyamaza.
Hilo halikuwemo kwenye maswali ya mwaka jana.

Kisha yule aliyejifunzia bandarini, Fushiki,
akiwauzia mabaharia magari yaliyochoka.
Matusi yake hayana doa,
vitenzi vyake vyote vinanuka mafuta ya injini.
Zinaida akafumbua jicho moja, akacheka, akampa tisa.
Mimi sita.
Tukakutana kwenye saba na nusu
kama watu wanaopatana bei ya samaki.

Wa kumi na moja, Hamatani Shiori.
Sweta ya kijivu, plasta kwenye kidole gumba.
Tuambie kuhusu familia yako, nikasema,
swali jepesi, la kumtoa mtu woga.
Baba anafanya kazi kiwanda cha zipu, akajibu.
Kaka yuko Osaka.
Mama hakuna.

Lazima nieleze, maana hapa ndipo kalamu iliposimama.
Katika Kirusi, kisichokuwepo hubadilishwa mkia.
Mkate ukiwepo ni mkate; ukiisha,
neno lenyewe huvuliwa kiatu, huvalishwa kingine,
ili sikio lijue kabla moyo haujauliza.
Somo la mwaka wa kwanza, wiki ya sita.
Niliwafundisha mwenyewe, kwa chaki:
sukari hakuna, mwavuli hakuna.

Naye akamwacha mama yake mzima,
jina na mkia wake wote,
kama mtu aliyetoka mara moja kuchukua birika.

Zinaida akaacha kutafuna.
Nikamfungulia mlango wa kujisahihisha, kama tufanyavyo:
Samahani, nani hakuna?
Akanitazama.
Akarudia vilevile, silabi moja moja,
kama anayehesabu fedha mbele ya mtu asiyeaminika.

Dakika za mwisho tulimpa picha ya kituo cha reli, aieleze.
Tikiti hakuna, akasema. Nafasi hakuna. Muda hakuna.
Vyote vitatu akavibadilisha mkia sawasawa.

Mwongozo wa idara una kurasa arobaini.
Unasema kosa likirudiwa, toa alama moja.
Hausemi neno juu ya kosa la mtu anayejua.
Toa, Zinaida akaninong'oneza, sarufi ni sarufi,
halafu akavua miwani akaifuta,
akaifuta tena,
na haikuwa na ukungu.

Nikatoa. Kumi ikawa tisa.
Saini yangu, saini yake, muhuri mwekundu.
Msichana akainama, akashukuru, akafunga mlango taratibu,
na wa kumi na mbili akaingia bila kuvua glavu.

Jioni, kituo cha tramu.
Wangu alizikwa mwaka nilioanza kufundisha.
Nikaijaribu sentensi ile kwa sauti ndogo,
kwanza ilivyo sahihi,
kisha alivyoisema yeye.
Mwanamume aliyekuwa akizoa theluji kwa beleshi
akageuka, akatazama huku na huku,
akidhani namwita mtu.